Kolesteroli Njema Ikizidi Sana, Yatufaa au Yatudhuru?

(Hotuba ya mfanya kazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tangu tulipopimwa damu, kila mtu ana karatasi yake mfukoni. Wakati wa chai karakanani husikii tena habari za mpira wala za posho ya usiku, wasikia, "Wewe yako ngapi?" Na wanaoshindana hawashindani juu ya presha wala sukari. Washindana juu ya mstari mmoja ulioandikwa HDL, kwa sababu mtu alitafsiri kwamba hiyo ndiyo kolesteroli njema, na tangu hapo mwenye nyingi hutembea kifua mbele kama aliyepandishwa cheo. Wapimaji walitugawia karatasi za Kiingereza, wakafunga masanduku yao, wakaenda zao. Hakuna aliyeelezwa neno. Kwa hiyo kamati imeniomba niseme juu ya swali ambalo ndugu wengi wamempelekea Katibu: je, mtu mwenye kolesteroli njema nyingi kupita kiasi ana bahati au ana hatari?

Mimi si daktari. Masomo yangu yalikoma shule ya primari ya misheni, na kazi yangu ni ya chuma na grisi. Lakini nimesoma kila nilichoweza kupata, nimemwuliza daktari mpaka akachoka nami, na muuguzi aliyeketi pale mbele ameyasikia haya yote kabla yenu, asije mtu akasema nimetunga.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Kolesteroli ni kitu kama nta. Si sumu. Ini hutengeneza kolesteroli kila siku, hata kwa mtu asiyegusa nyama maisha yake yote, kwa maana mwili unaihitaji. Kuta za kila chembe hai mwilini zinaihitaji, na nyongo hutengenezwa kutokana nayo. Taabu ni kwamba nta haichanganyiki na damu, kama vile mafuta yasivyochanganyika na maji ndani ya sufuria. Hapana budi ipakiwe. Na sisi watu wa reli, mambo ya kupakia twayajua.

Basi mwili una mabehewa yake, madogo mno, ambayo huchukua kolesteroli na kupita nayo katika njia ya damu. Mabehewa ya namna moja huitwa LDL. Hayo hupeleka shehena huku na huko mwilini. Yakiwa mengi kupita kiasi, shehena huingia katika kuta za mishipa ya damu na kukaa humo. Baada ya miaka huwa uvimbe unaobana njia, na siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda hapo hapo na sehemu ya moyo hukosa damu ikafa. Ndiyo sababu ikaitwa mbaya. Mabehewa ya namna ya pili ni HDL. Hayo huzunguka yakikusanya kolesteroli iliyozidi, hata ile iliyo katika kuta za mishipa, na kuirudisha kwenye ini ili itolewe pamoja na nyongo. Hiyo ni kazi ya usafi, na ndiyo sababu ikaitwa njema. Shikeni habari ya mabehewa, maana tutairudia.

Sifa ya HDL haikutoka hewani. Katika mji wa Framingham, Marekani, madaktari walianza mwaka 1948 kuwafuata watu wazima 5,209, waume kwa wake, kuona nani atapata maradhi ya moyo na kwa nini. Mwaka 1977 wakatangaza kwamba wenye HDL ndogo walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenye HDL kubwa. Wengine waliopima mahali pengine wakaona vivyo hivyo. Hata leo mwanamume aliye chini ya 1.0, au mwanamke aliye chini ya 1.3, kwa kipimo cha milimoli kwa lita ambacho ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi zetu, huhesabiwa kuwa ana kidogo. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2001 ulisema hata kwamba mtu mwenye kama 1.6 na kuendelea apunguziwe alama moja katika hesabu ya hatari zake. Kwa hiyo ndugu wanaojivuna hawakuanzisha wao mawazo haya. Walikuta yamekwisha andikwa.

Lakini angalieni hatua iliyorukwa. Kwamba walio na kidogo huugua zaidi, haina maana kwamba ukiongeza utapona, wala kwamba kadiri unavyozidi ndivyo unavyozidi kuwa salama. Mtu mwenye HDL ndogo mara nyingi ana tumbo kubwa, ana sukari, anavuta sigara, hafanyi mazoezi. Yawezekana HDL ndogo ni moshi tu, na moto uko kwingine. Njia ya kujua ni moja: uipandishe HDL uone kama watu watapona. Wakaipandisha.

Kampuni ya Pfizer ilitengeneza dawa iitwayo torsetrapibu. Dawa hii ilipandisha HDL kwa asilimia 72 na kushusha ile mbaya pia. Ungedhani maradhi ya moyo yamepata mwisho wake. Wakachukua wagonjwa kiasi cha 15,000, nusu wakapewa dawa na nusu hawakupewa, wote wakiendelea na dawa yao ya kawaida ya kushusha kolesteroli mbaya. Desemba 2006 jaribio likasimamishwa ghafula kabla ya muda wake, kwa sababu watu walikuwa wakifa. Hesabu ilipofungwa, waliokufa upande wa dawa walikuwa 93, na upande wa pili 59. Dawa ile, pamoja na kupandisha HDL, ilipandisha presha pia, na huenda hilo lilichangia madhara yake. Lakini HDL yao, iliyokuwa juu kuliko walivyopata kuona, haikuwaokoa.

Dawa nyingine za ukoo huo zikajaribiwa. Moja iliachwa mwaka 2012, nyingine mwaka 2015. Zote mbili zilipandisha HDL vizuri, na zote mbili hazikupunguza maradhi ya moyo. Ya nne, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2017 baada ya kujaribiwa kwa watu zaidi ya 30,000, ilisaidia kidogo, na wataalamu walipopima waliona msaada huo walingana na jinsi ilivyopunguza kolesteroli mbaya. Ikaja niasini, vitamini ya zamani ambayo ikinywewa kwa wingi hupandisha HDL. Watu 25,673 wa Ulaya na Uchina walifuatwa, na matokeo yakaandikwa mwaka 2014: mashambulio ya moyo hayakupungua, bali wanywaji wake walizidi kupata sukari, kutokwa damu na maambukizo. Nawaambieni haya kwa sababu nimesikia kuna ndugu anayeuliza bei ya vidonge vya niasini dukani. Aweke pesa yake.

Sasa turudi kwenye mabehewa. Ukiingia yadini asubuhi ukahesabu mabehewa mia mbili, je, umejua shehena ngapi ilishushwa usiku? Hujui. Yaweza kuwa kazi imekwenda vizuri. Yaweza pia kuwa njia ya kwenda kushushia imefungwa na mabehewa yamerundikana hapo yakingoja, na kila treni inayoingia inazidisha msongamano. Anayetazama kwa mbali atasema, "Leo reli ina mabehewa mengi!" Lakini mtu wa yadi atauliza kwanza kama yanatembea.

Kipimo cha damu chetu huonyesha shehena iliyomo katika mabehewa ya HDL saa ile uliyotolewa damu. Hakionyeshi kama inafika kwenye ini. Na jambo hili si mfano wangu tu. Mwaka 2016 wataalamu waliandika habari za watu waliozaliwa na hitilafu katika mlango wa ini, ule mlango unaopokea kolesteroli kutoka kwa HDL. Kwa kuwa mlango haufunguki, HDL yao hujaa damuni, na karatasi yao ingewafanya washangiliwe hapa petu. Lakini watu hao walikuwa na hatari zaidi ya maradhi ya mishipa ya moyo, wala si kidogo. Kabla ya hapo, mwaka 2012, wengine walitazama watu waliorithi HDL ya juu kwa sababu nyingine ya ukoo, wakaona hawapungukiwi na mashambulio ya moyo hata kidogo.

Sasa hesabu ambayo ndiyo jibu la swali lenu. Mwaka 2017 madaktari wa Copenhagen, Denmark, walitangaza hesabu ya watu 116,508 waliofuatwa kwa miaka. Waliokufa wachache zaidi, kwa upande wa wanaume, ni wale wenye HDL karibu na 1.9. Kwa wanawake ni karibu na 2.4. Chini ya hapo vifo viliongezeka, kama ilivyojulikana tangu Framingham. Lakini na juu ya hapo viliongezeka tena! Mwanamume mwenye 3.0 na zaidi alikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya yule wa 1.9. Mwanamke mwenye 3.5 na zaidi, hatari yake ilizidi kwa karibu theluthi mbili. Hesabu yenyewe ukiichora ni kama bakuli: pande zote mbili zimeinuka, usalama uko katikati.

Nisiwatie hofu bila sababu. Watu wenye 3.0 ni wachache sana. Katika karatasi zote nilizoonyeshwa na ndugu wa karakana, sikuona hata moja iliyofika hapo, na iliyokaribia ni moja tu ambayo nitaisema sasa hivi. Wala hesabu ya Denmark haithibitishi kwamba HDL yenyewe ndiyo iliyoua. Imeonyesha kwamba wenye nyingi kupita kiasi hawakukingwa, na kwamba kuna jambo lafaa kutafutwa. Na mtu mwenye 1.8 au 2.0 asikose usingizi kwa maneno yangu.

Ndugu mmoja aliniuliza kama hesabu za Wazungu zatuhusu sisi. Swali zuri. Marekani walifuata watu weusi na weupe pamoja, karibu 24,000, kwa muda wa kama miaka kumi, na matokeo yakatoka mwaka 2022. Kwa weupe, HDL ndogo ilionyesha hatari ya moyo. Kwa weusi haikuonyesha. Na HDL kubwa haikuwakinga hawa wala wale. Wale ni Wamarekani, si watu wa Makongeni, chakula chao na maisha yao si yetu. Lakini yatosha kutuonya kwamba mtu mweusi anayejitegemeza juu ya HDL yake amejitegemeza juu ya mwanzi.

Nimesema kuna karatasi moja iliyokaribia. Ni ya ndugu fundi, simtaji jina, naye ameniruhusu niseme. HDL yake ilikuwa 2.9. Presha yake, mistari michache juu yake, ilikuwa 170 juu ya 100. Alikwisha kupewa tembe za presha zamani. Alipoambiwa na wenzake kwamba ana kolesteroli njema kuliko karakana nzima, alizitupa tembe, akisema mishipa yake imesafishwa kama bomba jipya. Mkewe alimsihi, akakataa. Wiki chache baadaye alishindwa kushika spana kwa mkono wa kulia, na maneno yakamtoka yamepinda. Alhamdulillahi na ashukuriwe Mungu, walimfikisha hospitali mapema. Ametembea kwa miguu yake kuja hapa leo, ingawa mkono haujarudi wote.

Daktari alipotazama ile 2.9 hakumpongeza. Alimwuliza, "Wanywa chupa ngapi?" Ndugu yetu akajibu kama tunavyojibu wote, "Mbili tatu." Mkewe akacheka pale pale, akatoa hesabu ya kweli. Kwa maana hili, ndugu zangu, limejulikana miaka mingi: pombe hupandisha HDL. Mnywaji wa kila siku aweza kuwa na HDL nzuri mno kwenye karatasi, huku pombe ile ile inapandisha presha yake, inaharibu ini lake, inamla mshahara. Kuna na sababu nyingine: baadhi ya maradhi ya ini, na dawa nyingine kama baadhi ya zile za kifafa, na kurithi kwa ukoo. Lakini daktari akiona HDL ya ajabu, chupa ndilo swali la kwanza. Fundi wetu ameacha pombe sasa. Alipopimwa tena HDL yake ilikuwa imeshuka karibu nusu, naye aliniambia kwa huzuni kabisa, kama mtu aliyenyang'anywa medali. Presha yake, lakini, sasa ni 130. Nilimwambia medali ni hiyo.

Na wale wanaosema bia moja mbili ni dawa ya moyo kwa sababu yapandisha ile njema, nadhani mmeshaona ngazi hiyo imekosa vidato. Tumeona dawa zinazopandisha HDL kuliko bia, na hazikuwafaa watu.

Mtauliza, basi tutazame nini? Tazameni LDL, ile mbaya, maana huko mambo ni wazi: dawa zinazoishusha zimepunguza mashambulio ya moyo katika majaribio mengi. Tazameni presha, ambayo haiumi mpaka siku ya kuangusha. Tazameni sukari. Na sigara, ambayo haihitaji maabara. Hivyo ndivyo vinavyotuua, na vyote vina dawa au vina njia.

Juu ya mazoezi nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni habari ya wafanya kazi kama sisi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa hesabu ya watu wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi zamu nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Mshahara haukutofautiana sana, mitaa ni ile ile, lakini madereva walipata maradhi ya moyo zaidi ya makondakta, na yaliwashika vibaya zaidi. Mwaka 1956 wakaenda kwenye vitabu vya yunifomu wakakuta suruali za madereva ni pana kiunoni kuliko za makondakta. Na wenzetu wa reli Marekani walihesabiwa pia. Mwaka 1962 ikatolewa habari kwamba makarani wa reli walikufa kwa moyo zaidi ya watu wa kupanga mabehewa yadini, na hao zaidi ya watu wa gengi wanaotengeneza njia. Ndugu makarani msinikasirikie, sikuandika mimi. Mazoezi hupandisha HDL kidogo tu. Faida yake kubwa iko katika presha, sukari, uzito na nguvu za moyo wenyewe. Kwa hiyo anayeketi zamu nzima ashuke matatu kituo kimoja kabla ya kufika, atembee. Hata kama HDL yake haitasogea, moyo utakuwa umepata kazi yake.

Yamebaki ya chama. Haifai mtu atolewe damu halafu apewe karatasi asiyoweza kuisoma. Ndugu fundi hakudanganywa na maradhi, alidanganywa na mstari mmoja usio na maelezo. Napendekeza Katibu awaandikie waajiri kwamba kila upimaji wa kazini uje na mtu wa kueleza matokeo kwa Kiswahili, mmoja mmoja, faraghani. Kwamba mwenye presha apewe ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa siku. Na kwamba karatasi ya mtu ni yake, isiwe ya msimamizi kuitumia kumwondoa kazini. Hili la mwisho naomba lijadiliwe leo, kwa sababu nimesikia ndugu wawili walioficha presha zao kwa kuogopa.

Muuguzi amekubali kukaa nasi mpaka saa kumi na moja. Amekuja na mashine ya presha. Mwenye karatasi aende nayo pale mezani, na wale wanaoingia zamu ya jioni watangulie.